Fimbo za Mkono wa Kushoto

Kitengela ni mji wa matangi. Maji ya mfereji huja siku yanayojitakia yenyewe, kwa hiyo kila ploti ina tangi jeusi juu ya mnara wa vyuma, na kila mwenye tangi huligonga asubuhi kwa kifundo cha kidole ili asikie kama lina kitu. Likilia ko ko ko, hakuna maji. Likinyamaza, shukuru Mungu. Ndiyo sababu siku Gitonga alipomwita Njuguna tangi, hakuna mtu aliyehitaji kufafanuliwa.

Ilikuwa siku ya ruracio, wakwe walipokuja kuzungumza mahari ya Mumbi, binti wa pekee wa Njuguna. Kwa desturi ya Wakikuyu, baba wa msichana hasemi siku hiyo. Yeye hukaa, na msemaji wake husema kwa niaba yake. Ungedhani desturi hii ilitungwa kwa ajili ya Njuguna, maana tangu utotoni maneno yalimkwama kooni kila alipotazamwa na watu zaidi ya wawili. Aliishia shule ya msingi, akafyeka nyasi katika ploti za watu, baadaye akapata shamba na mashine ya kufunga marobota. Sasa alikuwa na stoo kubwa ya nyasi kando ya barabara ya Isinya. Wafugaji walimjua kwa nyasi kavu isiyo na ukungu. Sauti yake hawakuijua sana.

Msemaji alimchagua Gitonga, jirani yake, mwenye malori ya kubeba mawe kutoka Kiserian. Gitonga alikuwa mtu wa kuchekesha hata matangani. Alisimama siku hiyo, akakohoa, akaweka mkono juu ya bega la Njuguna.

"Wageni wetu, msimshangae mwenye boma," alisema. "Huyu ni kama tangi la hapa Kitengela. Huwezi kujua kama liko na kitu ndani mpaka uligonge."

Kisha akainama, akagonga kofia ya Njuguna ko ko ko, akatega sikio. "Leo hakuna maji."

Hema lote likacheka. Wakwe walicheka, wazee wa upande wake mwenyewe walicheka, na aliyekuwa akigawa soda aliiweka kreti chini ili acheke vizuri. Njuguna alitabasamu, kwa sababu hakujua uso wake ufanye nini kingine. Halafu akasikia kicheko kimoja kutoka nyuma ya pazia la jikoni, akakitambua. Kilikuwa cha Mumbi. Kicheko cha wageni kilikuwa kama kofi, lakini hicho cha mtoto wake kiliingia mahali ambapo mkono wa kukitoa haufiki.

Jina likamfuata. Akiingia kwenye buchari kununua nyama, mtu aligonga meza. Akiketi kanisani, kijana wa nyuma aligonga benchi taratibu kwa kidole. Dereva wa lori lililokuja kuchukua nyasi aligonga geti na kuita, "Hodi, tangi." Jibu la kumpa Gitonga lilimjia siku nyingi baadaye, akiwa peke yake chooni: debe tupu haliachi kutika. Lilikuwa jibu zuri sana, lakini pale chooni halikuwa na wa kulisikia.

Tangu siku hiyo Njuguna alilala na Gitonga na kuamka naye. Na kilichomtesa zaidi ni kwamba mambo hayakuwa yameisha. Ilikuwa bado ngurario, siku ya kukata bega la mbuzi, ambayo kwa Wakikuyu ndiyo hukamilisha ndoa. Gitonga angesimama tena, mbele ya watu wengi kuliko mara ya kwanza, na Mumbi angeolewa akiwa mtoto wa tangi.

Basi siku moja baba wa kijana, mzee Hiram, akampigia simu. Hiram alikuwa mtu mpole aliyestaafu kazi ya benki, na alipenda gofu ya kujifurahisha, ile ya kucheza mara moja moja na kula nyama baadaye. Alimwambia kwamba kuna kiwanja kidogo cha mashimo tisa katika shamba moja upande wa Kajiado. Angefurahi kama Njuguna na msemaji wake wangekuja wacheze pamoja, watu wazidi kujuana kabla ya ngurario. Gitonga alikuwa amekwisha kukubali. Gitonga alianza gofu mwaka uliopita, akanunua seti kamili ya fimbo nyeusi, na huzibeba nyuma ya pikapu bila turubai ili barabara nzima izione.

Njuguna alisema, "Sawa, muthoni," yaani mkwe, akakata simu.

Mkewe Wacuka alimuuliza kama ana homa. Mtu ambaye hata karata hachezi, gofu atacheza na nani? Njuguna hakumweleza. Lakini moyoni alikuwa ameona kitu alichokuwa akikitafuta kwa miezi: mchezo ambao mdomo haukusaidii. Mpira hauchekeshwi.

Kesho yake alikwenda kwa Shirleen. Huyu alikuwa dada mwenye kibanda nyuma ya soko la Kitengela, aliyeuza vifaa vya michezo vya mtumba: raketi, viatu vya spaiki, mipira iliyoshonwa upya, na fimbo za gofu zilizosimama ndani ya pipa kama miwa. Njuguna alizizunguka kwa muda mrefu kama anayenunua ng'ombe, akiangalia na kutogusa. Mwishowe alionyesha seti nyeusi iliyotundikwa ukutani, fimbo nyingi ndani ya mfuko wenye mifuko midogo isiyo na idadi. Ilikuwa kama ya Gitonga, ila mpya kidogo na kubwa kidogo.

Shirleen alimuuliza amecheza muda gani. Alitikisa kichwa. Akamuuliza anataka kucheza mara ngapi. Aliinua kidole kimoja.

"Mzee, basi hiyo si yako," Shirleen alisema. "Mtu anaanza na fimbo chache. Hii chuma namba saba, hii namba tisa, moja ya kutoa mpira kwa mchanga, moja ya kupiga mbali lakini si hii ya kichwa kikubwa, na hii ya kusukuma mpira kwa shimo. Zimetosha. Na utafute mpini unaojikunja kidogo. Hizo nyeusi ni ngumu, ni za watu wanaopiga kila wiki. Utaumia mgongo bure."

Njuguna aliendelea kuonyesha zile nyeusi.

"Kwani unanunua fimbo ama unanunua vita?"

"Vita," alisema Njuguna.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. Shirleen alimtazama, akapanda juu ya stuli, akaitundua seti ile. Alisema tu kwamba kama vita vikimshinda, azirudishe bila mikwaruzo.

Vita vilimshinda siku hiyo hiyo. Alizipeleka shambani kwake, mahali nyasi zilipokuwa zimekatwa, pakabaki visiki vifupi vya kukwaruza kiatu. Alisimama kama alivyomwona Gitonga akisimama kwenye picha zake za simu. Akapiga hewa. Akapiga udongo. Mara moja aliupata mpira, nao ukaenda kando kabisa, ukaingia kwenye rundo la marobota, na mpini mgumu ukamtetemesha mpaka kwenye meno. Alijaribu mpaka jasho likamfunga macho. Kila mpira aliuita Gitonga, na kila Gitonga alibaki amekaa palepale akimtazama.

Wacuka alikuwa amesimama kwenye ua, na chai imepoa mkononi.

"Baba Mumbi," alisema, "mbona unasimama kinyume?"

Njuguna alimwambia ndivyo watu wanavyosimama.

"Watu, ndiyo. Wewe ukishika slasha unageuka huku. Tangu unioe sijakuona ukifyeka na mkono wa kulia hata siku moja."

Njuguna aliiweka fimbo chini. Alikuwa amesahau, au tuseme alikuwa amefundishwa kusahau. Alipoingia darasa la kwanza mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa kamba ya katani, na nyumbani mama yake alimchapa kila alipopokea chakula kwa mkono huo, kwa maana mkono wa kushoto hausalimii, haupokei wala haumpi mkubwa kitu. Basi akajifunza kuandika kwa kulia, kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Ila nyasi hazikuwa na adabu ya kulindwa. Huko kwenye nyasi, peke yake, mkono wa kushoto ulifanya kazi miaka yote na kumjengea nyumba.

Alirudi kwa Shirleen na ile seti nyeusi. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alichukua ufagio uliokuwa mlangoni, akaugeuza, akauzungusha kama slasha. Ulipita hewani kwa mlio mmoja safi, na vumbi la sakafuni likahama lote.

"Kumbe," alisema Shirleen. Aliinama chini ya meza, akavuta mfuko wa buluu uliofifia, wenye fimbo chache zenye kutu kidogo shingoni. Vichwa vyake vilitazama upande mwingine. Zilikuja ndani ya belo la mtumba, alisema, na zimekaa hapo mpaka panya wamezijua kwa jina. "Si ati hakuna watu wa kushoto hapa. Wako, lakini hakuna anayetaka kuonekana. Mzee mmoja alizishika, akaona mtu wa kanisa lake anapita, akaziacha kama zimemchoma."

Njuguna alishika chuma namba saba. Mkono wa kushoto ukakaa chini ya wa kulia wenyewe, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Mpini ulijikunja kidogo, ukarudi. Shirleen alimpima urefu kwa kumwambia asimame wima na kulegeza mabega, akaangalia kama vidole vinakutana vizuri kwenye mpira wa mshiko. Zilimfaa zote, kama nguo ya marehemu anayelingana naye.

Wacuka alipoziona alishika kiuno. Utashika fimbo na kushoto mbele ya muthoni? Watasema hukulelewa, alisema.

"Wacha waseme," alisema Njuguna. "Si wamesema mengi."

Kwa wiki zilizofuata alipiga mipira katika visiki vya nyasi kila alasiri. Hakuwa mchezaji, na hakujidanganya. Mipira yake haikwenda mbali. Lakini ilikwenda mbele, chini chini, kama kwale anayekimbia, na ilisimama pale alipoiambia isimame. Bado kila mpira uliitwa Gitonga. Tofauti ni kwamba sasa Gitonga alikuwa akiondoka.

Siku ya mchezo, kiwanja kilikuwa kimelala kwenye tambarare kavu, miti ya mgunga hapa na pale, na mfugaji mmoja wa Kimasai akivusha ng'ombe wake katikati ya uwanja wa shimo la tatu kwenda kunywa maji. Hiram alimsalimia, "Sopa," mfugaji akajibu, "Ipa," na wote wakangoja mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Ilikuwa gofu ya namna hiyo.

Gitonga alipoona mfuko wa buluu aliugonga kwa kidole. "Hodi, tangi. Leo tumebeba hata mifereji?" Alipoona jinsi Njuguna anavyosimama, akamgeukia Hiram. "Muthoni, umejionea. Huyu hata gofu anaipiga na mkono wa choo."

Hiram hakucheka. Labda alikuwa mpole tu, au labda alianza kuona kitu. Gitonga akapendekeza wacheze kwa mbuzi, atakayeshindwa atoe mbuzi wa kuchoma. Ndipo Njuguna alipofungua mdomo.

"Sitaki mbuzi. Atakayeshindwa kati yangu na wewe, hatasema siku ya ngurario. Hata neno moja."

Gitonga alicheka mpaka akashika goti. "Lakini wewe hiyo ulishindwa tangu uzaliwe."

"Basi huna cha kuogopa."

Hiram akauliza kama wote wamekubali, wakakubali. Wakapatana pia kwamba mpira utapigwa pale unapolala, na atakayeuokota kwa mkono kabla ya kufika shimoni amejitoa mwenyewe.

Gitonga alipiga mbali, hilo lazima lisemwe. Fimbo yake kubwa ilitoa mlio kama mlango wa gari la kifahari, na mpira ukapotea juu, halafu ukapotea kabisa, wakautafuta miibani. Njuguna alipiga karibu, akatembea, akapiga tena karibu. Gitonga alimaliza nguvu akitoka vichakani, Njuguna alimaliza mashimo. Walipofika shimo la mwisho hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake, na Gitonga alikuwa ameacha utani, jambo ambalo peke yake lilimpa Njuguna raha kama maji baridi.

Njuguna aliweka mpira wake karibu na bendera. Gitonga akapiga kwa hasira, mpira ukapaa, ukagonga mgunga, ukabingirika taratibu mpaka kwenye birika la saruji la ng'ombe, ukalala umeegemea ukuta. Alikwenda akasimama upande huu, akasimama upande ule. Pale miguu yake ilipotakiwa kukaa palikuwa na ukuta na maji. Mtu wa mkono wa kulia hangeweza kuupiga mpira ule hata angekuwa bingwa. Ungepigika tu na fimbo inayotazama upande mwingine.

Gitonga aliinua macho. Aliona mfuko wa buluu.

"Njuguna," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumwita kwa jina lake, "hebu nipatie hiyo fimbo yako moja."

Njuguna alihisi maneno yakija. Safari hii hayakukwama.

"Kwetu kitu hakiombwi na mtu mwenyewe," alisema. "Tafuta msemaji."

Ng'ombe walikuwa wakinywa upande wa pili wa birika. Gitonga alimtazama Hiram kama mtu anayetafuta mlango. Hiram alikuwa mtu wa desturi, na pia, kama Njuguna alivyokuja kujua baadaye, hakuwahi kulala vizuri tangu acheke siku ile ya hema. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasogea mbele kama anavyosogea msemaji wa upande wa kijana.

"Mwenye boma," alisema kwa sauti ya mahari, "tumekuja na kijana wetu. Amepita hapa akaona kitu kizuri katika mji wako, na usingizi umemtoka. Tunaomba."

"Nimesikia," alisema Njuguna. "Lakini huyo kijana wenu mbona hasemi mwenyewe? Ni mzima?"

"Ni mzima, ila ni mtu wa kimya."

"Ngoja nihakikishe."

Njuguna akasogea polepole. Akainua mkono wa kushoto, akagonga kofia nyeupe ya Gitonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, akainama, akatega sikio kwa muda wa kutosha mtu kuona haya mpaka miguuni.

"Leo hakuna maji," alisema.

Mfugaji wa Kimasai alikuwa amesimama na fimbo yake mabegani. Hakujua kisa, lakini alicheka, na kicheko chake kilisikika tambarare yote. Hiram akaficha uso ndani ya kofia, mabega yakitikisika. Njuguna mwenyewe hakucheka. Alitoa chuma namba saba na kumpa Gitonga, kwa mkono wa kushoto, na Gitonga akaipokea, kwa sababu angefanya nini.

Alipiga saruji. Alipiga maji, ng'ombe wakaruka nyuma. Alipiga tena saruji, na mpira ukabaki pale pale umeegemea ukuta kama mwenye ploti. Mwisho Gitonga aliinama, akauokota kwa mkono, akautia mfukoni bila kumtazama mtu.

Njuguna alidhani hapo atapumua. Njiani kurudi aliwaza kwamba mtu mwingine angesema imetosha, waliumizana, wamelipana. Lakini kicheko cha Mumbi kilikuwa bado mahali pake. Alikuwa amelipa deni la hema, la pazia la jikoni alikuwa bado.

Siku ya ngurario msemaji alikuwa kaka yake Wacuka, mzee wa Kona Baridi mwenye maneno machache na mazuri. Gitonga alikuja, kwa kuwa kutokuja kungekuwa aibu kubwa zaidi, akakaa meza ya mbele amefunga mdomo. Hiram alikuwa amesimulia kisa kwa watu wake wote, na wageni walipopita nyuma ya kiti cha Gitonga kila mara kidole kimoja kiligonga mbao. Njuguna alipoingia hakuna aliyegonga kitu.

Bega lilipokwisha kukatwa na nyama kuanza kugawanywa, Njuguna aliinuka na kwenda jikoni, nyuma ya lile pazia. Mumbi alikuwa huko na shangazi zake, amevaa shanga. Njuguna alifunua sufuria lililochemshiwa kichwa cha mbuzi, akakata ulimi wote, akauweka katikati ya sahani nyeupe, bila chumvi, bila kachumbari.

Mumbi aliiangalia sahani, akamwangalia baba yake. Alielewa, na safari hii hakucheka. Alisogeza pazia, akamshikia apite.

Njuguna alivuka hema lote akiwa ameishika sahani kwa mkono wa kushoto, mbele ya wakwe, wazee na kanisa. Wacuka alimshika koti alipopita. "Baba Mumbi, si imetosha sasa?" alinong'ona.

"Bado," alisema.

Aliiweka sahani mbele ya Gitonga. Gitonga alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Kisha akachukua kisu, akakata kipande, akatafuna. Njuguna hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama pale pale, mikono nyuma, kimya kama tangi lililojaa, mpaka kipande cha mwisho kilipomezwa.